Kuipima Sarafu Kongwe: Ngazi za Uchakavu na Lugha ya Kuzieleza

Utangulizi

Mtaa wa Dandora, ulioko mashariki mwa jiji la Nairobi, ulianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Familia zenye kipato cha chini zilipewa viwanja vilivyotiwa maji na vyoo, kisha zikaachiwa kazi ya kujijengea vyumba kadiri ya uwezo wao. Kando ya mtaa huo huo pakawekwa jaa la taka la jiji, ambalo limeendelea kupokea taka ijapokuwa lilitangazwa mnamo 2001 kuwa limejaa. Kwa sababu hizo mbili, si ajabu sarafu kongwe kuonekana Dandora. Wazee waliopewa viwanja vya kwanza walikulia katika enzi ya senti zenye tundu, na makopo yao ya akiba hayakukosa kubakiwa na chache. Nao waokotaji wa vyuma chakavu hukutana jaani na kila aina ya madini ambayo jiji limeyatupa.

Chukua mfano wa kijana anayefungua sanduku la marehemu nyanya yake na kukuta humo shilingi yenye sura ya simba, nayo imegeuka nyeusi. Anaichukua, anaisugua kwa majivu na limau mpaka inameta, kisha anaipeleka kwa mnunuzi. Mnunuzi anaitazama mara moja tu na kuirudisha. Jirani yake naye ana shilingi ya aina hiyo hiyo, ambayo hakuisugua kamwe. Hata hivyo, anapoulizwa iko katika hali gani, jibu lake ni moja: “Ni ya zamani.” Anapewa bei ya sarafu mbovu na anaipokea. Wa kwanza amepoteza haki yake kwa mikono yake, na wa pili ameipoteza kwa kukosa maneno.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wajuzi wa sarafu wanavyoipima hali ya sarafu kongwe, na papo hapo kupendekeza istilahi za Kiswahili za kuzitaja ngazi za kipimo hicho. Mifano inatolewa katika sarafu za Afrika Mashariki, kwa kuwa ndizo zinazoweza kupatikana katika makopo ya wazee wetu.

Sarafu zinazohusika

Historia ya sarafu katika eneo hili ni ndefu, kwani masultani wa Kilwa walichapisha sarafu za shaba karne nyingi kabla ya ukoloni. Katika karne ya 19 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa za shaba zenye mwaka wa Hijria 1299, sawa na 1882. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa ilitoa rupia na pesa zake mnamo 1888. Wajerumani nao walikuwa na rupia iliyogawanywa kwa pesa 64, na kuanzia 1904 wakaigawanya kwa heller 100.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mnamo 1919. Baada ya kipindi kifupi cha florini, shilingi ilianza kutolewa mnamo 1921. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha mfalme wa Uingereza, na upande wa pili simba aliyesimama mbele ya milima. Senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka tundu hilo. Kenya ilianza kutumia shilingi yake mnamo Septemba 1966, ikiwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Sura ya Rais Daniel arap Moi ilifuata mnamo 1980. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa katika noti na sarafu, ndiyo maana sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu.

Maana ya “hali” ya sarafu

Kwa mjuzi wa sarafu, neno hali halimaanishi uzuri wa jumla. Swali analojiuliza ni moja: je, ni kiasi gani cha kile kilichochapwa kiwandani ambacho bado kipo? Sarafu huzaliwa pale kipande cha madini kinapobanwa kwa nguvu kubwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Sehemu za picha na maandishi huinuka, nazo sehemu tupu hubaki tambarare. Sehemu zilizoinuka zinaweza kuitwa nakshi, zile tambarare uwanda, mzingo ulioinuka ukingo, na unene wa sarafu ubavu.

Sarafu inapopita mikononi, mifukoni na mezani, sehemu zilizoinuka zaidi ndizo zinazosuguliwa kwanza. Kwa hiyo mpimaji haanzi kwa kuitazama sarafu nzima, bali hutafuta vilele vya nakshi. Katika shilingi ya simba hutazama manyoya na mwili wa simba. Katika shilingi ya Mzee Kenyatta hutazama nywele na shavu. Katika senti zenye tundu hutazama pembe za ndovu na maandishi. Kila aina ya sarafu ina vilele vyake, na asiyevijua hawezi kupima.

Vifaa vyenyewe ni vichache: taa moja yenye mwanga mkali, lenzi inayokuza mara tano hadi kumi, na kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu ikianguka isiumie. Sarafu hushikwa kwa ubavu, kati ya kidole gumba na cha shahada, wala haiguswi usoni, kwani jasho la vidole lina chumvi na mafuta yanayoacha alama isiyotoka.

Asili ya kipimo

Mnamo 1949 Mmarekani William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za nchi yake, na humo akapendekeza kipimo cha nambari 1 hadi 70. Fikra yake ilikuwa kwamba sarafu ya ngazi ya 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya ngazi ya 1. Uwiano huo wa bei haukudumu, lakini nambari zilibaki. Katika miaka ya 1970 chama cha wanasarafu cha Marekani kilizikubali kwa sarafu za kila aina. Tangu miaka ya 1980 yako makampuni yanayopima sarafu kwa ada na kuzifungia katika vikasha vya plastiki vyenye nambari ya ngazi. Uingereza, kwa upande wake, iliendelea kutegemea zaidi maneno kuliko nambari.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kuwa macho. Majina ya Kiingereza ya ngazi hizi yana historia ya udanganyifu wa upole. Sarafu ya ngazi ya 4, ambayo imesagika hata picha ikabaki kivuli, huitwa kwa neno ambalo maana yake ya kawaida ni “nzuri.” Ile ya ngazi ya 8, ambayo ina unafuu kidogo tu, huitwa “nzuri sana.” Mfasiri atakayeyahamisha maneno hayo moja kwa moja atamfanya msomaji wa Dandora aamini kuwa ana johari, ilhali mnunuzi anajua kuwa ana kipande kilichochakaa. Istilahi bora haina budi kuzaliwa kutokana na kile ambacho jicho linakiona katika sarafu yenyewe.

Ngazi saba na majina yanayopendekezwa

Kwanza ni kipara (1 hadi 3). Sarafu imesagika hata aina yake inatambulika kwa taabu. Mwaka hausomeki, au unasomeka nusu. Uso ni laini kama kichwa kilichonyolewa.

Pili ni chakavu (4 hadi 6). Umbo la nje la picha lipo na mwaka unasomeka, lakini ndani ya umbo hamna kitu. Simba anaonekana kuwa ni simba, ila hana manyoya wala jicho. Ukingo umeanza kuyala maandishi.

Tatu ni hafifu (8 hadi 15). Ukingo ni kamili na maandishi yote yanasomeka. Nakshi za ndani zimeanza kuonekana mahali pa bonde, yaani palipofichika, lakini vilele vyote ni tambarare.

Nne ni wastani (20 hadi 35). Zaidi ya nusu ya nakshi za ndani zipo. Vilele vimesuguliwa waziwazi, ila picha ina uhai. Sarafu iliyotumika kwa miaka michache kisha ikawekwa huweza kuwa katika ngazi hii.

Tano ni bayana (40 hadi 45). Nakshi zote zipo, na uchakavu unaonekana katika vilele pekee. Katika pembe zilizofichika, kwa mfano katikati ya herufi, hubakia mng'ao kidogo wa kiwandani.

Sita ni karibu-mpya (50 hadi 58). Kwa macho matupu sarafu ni mpya. Ni lenzi tu inayofichua kwamba vilele vimeguswa na vimebadilika rangi kidogo. Mng'ao umebaki katika sehemu kubwa ya uwanda.

Saba ni mpya (60 hadi 70). Hakuna uchakavu wowote. Tofauti kati ya 60 na 70 haitokani na matumizi, bali inatokana na mikwaruzo ambayo sarafu hupata inapogongana na wenzake katika magunia ya kiwandani, pamoja na ubora wa chapa na mng'ao. Sarafu ya 70 haina dosari hata chini ya lenzi.

Mng'ao wa kiwandani ni tofauti na umetaji wa kusuguliwa. Unatokana na mistari midogo mno inayofanyika madini yanapotawanyika chini ya muhuri. Sarafu mpya ikizungushwa chini ya taa, nuru huzunguka nayo kama miale ya gurudumu. Sarafu iliyosuguliwa hurudisha nuru mahali pamoja tu, kama sufuria. Mistari hiyo ikishaondolewa hairudi.

Uchakavu, chapa hafifu na majeraha

Mpimaji mchanga hukosea kwa kuchanganya mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni uchakavu, ambao ni matokeo ya mguso wa muda mrefu. La pili ni chapa hafifu, yaani sarafu iliyotoka kiwandani ikiwa na upungufu. La tatu ni majeraha, yaani mikwaruzo, mibonyeo, matundu na kuliwa na kutu.

Mfano mzuri wa chapa hafifu ni sarafu za Tabora za 1916. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamezingirwa na hawakuweza kupata sarafu kutoka kwao. Wakachapisha heller 20 za shaba na za shaba nyeupe, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya ndovu, katika karakana ya reli mjini Tabora. Kwa kuwa vifaa vilikuwa vya dharura, heller hizo nyingi zilitoka zikiwa na picha isiyokolea. Mtu akiiona heller ya Tabora yenye taji lililofifia asikimbilie kuiita chakavu. Achunguze uwanda wake: kama uwanda una ukwaru na mng'ao wa asili, basi upungufu ulitoka kwenye muhuri na si mikononi mwa watu.

Kuhusu majeraha, kanuni ni kwamba hayaingizwi ndani ya nambari, bali hutajwa kando. Haifai kusema kwamba sarafu ya ngazi ya bayana yenye tundu la kuvalia mkufu imeshuka kuwa hafifu. Husemwa: “Bayana, imetobolewa.” Sarafu iliyookotwa jaani itasemwa: “Wastani, imeliwa na kutu.” Taka zinapooza na kuungua hutoa gesi zenye salfa, ambazo huyageuza madini ya fedha kuwa meusi. Shaba nayo hupata ukoga wa kijani unaochimba vishimo vidogo usoni. Weusi wa fedha ni rangi tu, ilhali vishimo ni jeraha. Kuvitofautisha viwili hivi ni nusu ya elimu ya mpimaji.

Kosa la kusafisha

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Msemo huo umewapotosha wengi wanaodhani kuwa sarafu itajiuza ikimeta. Majivu, mchanga, dawa ya meno na sabuni ya unga vyote vina chembe zinazokwaruza. Limau, siki na asidi ya betri hula tabaka la juu la madini. Baada ya usafi wa namna hiyo, lenzi huonyesha mamia ya mikwaruzo sambamba, na rangi ya sarafu huwa ya kifu isiyo na kina. Sarafu ya ngazi ya bayana iliyosuguliwa huweza kupata bei ya chini kuliko sarafu ya wastani ambayo haikuguswa. Aidha, asidi ya betri ina madini ya risasi, na ni hatari kwa anayeishika kabla hata haijawa hatari kwa sarafu.

Lililo salama ni dogo: kuiloweka sarafu katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa ili udongo ulegee, kuisuuza, kisha kuikausha kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini bila kuisugua. Udongo usiotoka kwa njia hiyo uachwe ulivyo. Baada ya hapo sarafu iwekwe katika bahasha ya karatasi kavu, mbali na mvuke wa jikoni.

Hali, uadimu na bei

Hali peke yake haileti bei. Bei hutokana na hali, uadimu na mahitaji ya wakusanyaji. Mnamo 1936 Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa muda usiofika mwaka mmoja kabla ya kujiuzulu. Hata hivyo, senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye jina lake zilikwisha kuchapwa. Kisa hicho huvutia, na mwenye senti hiyo hudhani kuwa amepata utajiri. Kumbe zilichapwa kwa wingi mno, kiasi kwamba iliyo chakavu ina bei ndogo. Iliyo mpya, yenye wekundu wake wa asili, ndiyo inayotafutwa. Kisa ni kile kile na mfalme ni yule yule, ila hali ndiyo inayotenganisha bei hizo mbili.

Vivyo hivyo, sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, iliyotolewa mnamo 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, huvumishwa kuwa ina bei kubwa. Lakini kitu kilichowekwa na wengi kama kumbukumbu hakiwi adimu kwa urahisi.

Sarafu iliyofika ngazi ya kipara aghalabu hubaki na bei ya madini yake. Shilingi ya simba iliyochapwa kati ya 1921 na 1946 ilikuwa na robo tu ya madini ya fedha, yaani chini ya gramu 2 katika sarafu nzima. Zilizotolewa kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, kwani zilichapwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Anayeuza kwa mizani ya vyuma chakavu shilingi iliyo bayana anauza gramu na kugawa bure nakshi zote zilizohifadhiwa.

Pia kuna sheria. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa kitabu au hati. Kwa mujibu wake, kitu cha namna hiyo hakipelekwi nje ya nchi bila kibali. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo katika hesabu hiyo. Mnunuzi anayemharakisha mwenye sarafu ya namna hiyo ili aivushe mpaka kimyakimya anamwingiza katika kosa.

Kiswahili na lugha ya uchakavu

Kiswahili kimezitunza sarafu kwa namna ya ajabu. Heller imekufa, lakini hela ingali hai midomoni. Pesa ya shaba haionekani, ila neno lake sasa linabeba maana ya fedha zote. Thumuni, au sumuni kama wasemavyo wengi Nairobi, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane, likaja kuwa jina la senti hamsini. Ndururu ya senti tano ingali inakumbukwa na wazee, na vijana wa Dandora wameendeleza desturi hiyo kwa kuita shilingi kumi ashu na ishirini mbao.

Isitoshe, lugha hii ina hazina ya vitenzi vya uharibifu. Nguo huchakaa na kuchujuka, maandishi hufifia, ukuta humomonyoka, chuma huliwa na kutu, bati hubonyea na meza hukwaruzika. Kila kitenzi kina kisababishi chake: kuchakaa ni kwa matumizi, kufifia ni kwa kupungua nguvu ya picha, kukwaruzika ni kwa kitu chenye ncha, na kubonyea ni kwa kugongwa. Upambanuzi ambao mpimaji anauhitaji tayari umo katika usemi wa kila siku. Lililobaki ni kukubaliana juu ya matumizi na kuyaweka maneno hayo katika kamusi za taaluma.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa hali ya sarafu ni kiasi cha chapa ya asili kilichosalia, kwamba hupimwa kwa kutazama vilele vya nakshi, kwamba majeraha hutajwa kando ya ngazi, na kwamba usafi wa kusugua ni uharibifu usiorekebishika. Yamependekeza pia majina saba: kipara, chakavu, hafifu, wastani, bayana, karibu-mpya na mpya. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kuyakosoa na kuyaboresha, lakini yanafaa kujaribiwa kwanza kwa sarafu halisi chini ya taa, kabla ya kujaribiwa katika ukumbi wa semina.

Yule jirani wa Dandora mwenye shilingi ya simba hahitaji kuwa mtaalamu. Yatosha aweze kumwambia mnunuzi: “Shilingi hii ni ya 1924. Ni bayana, haijasafishwa, ina weusi wa asili na mkwaruzo mmoja mdogo mbele ya simba.” Mnunuzi anayesikia maneno hayo atajua kuwa bei ya sarafu mbovu haitapokelewa, na mazungumzo ya bei yataanzia mahali pa haki.